Ngeli ya Neema

Mzee Nashoni Mwikwabe hataki kusikia habari ya mpira siku ya Sabato. Analisema hilo mwenyewe, kwa sauti, na usipomzuia atalisema mara ya pili. Siku sita zilizobaki anaupenda mpira kuliko chakula. Katikati ya wiki utamkuta kibanda umiza cha kuonyeshea mpira pale kijijini Genkuru, benchi la mbele, kofia mapajani, anamfokea refa aliyeko Dar es Salaam kana kwamba refa anamsikia. Lakini Ijumaa jua likishazama, mpira kwake unakuwa kama mavi ya fisi njiani: haukanyagi wala hauruki, anauzunguka kwa mbali.

Mimi ndiye ninayemwendesha. Naitwa Masanja, Msukuma wa Bariadi, nilikuja huku kufuata dhahabu kama wenzangu wengi. Dhahabu iliniona nakuja ikahama. Nilichobaki nacho ni pikipiki moja na ubatizo mmoja, na huo ubatizo nao ni kazi ya Mzee Nashoni, aliyenishawishi mpaka nikachoka kukataa. Yeye ni mzee wa kanisa. Analima mahindi na mihogo, anafuga, anasimamia josho la ng'ombe la kijiji, na kila Sabato anazungukia makanisa madogo ya mashambani ambayo mchungaji hayafikii. Mchungaji ana makanisa mengi na gari lisilopenda matope.

Mzee huyo ana binti wa mwisho anaitwa Neema. Mrefu, mikono mipana, tangu mdogo ukimrushia pera hata akiwa amekupa mgongo analidaka. Kocha mmoja wa timu ya wasichana ya Musoma alimwona, akamchukua awe golikipa. Hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuja ilipojulikana kwamba ligi yao inachezwa Jumamosi. Mzee akasimama kanisani Genkuru, watu wamejaa, akatamka: anayecheza mpira siku ya Bwana, mimi si baba yake. Neema alikuwa amekaa kwenye kwaya. Akanyanyuka, akaenda nyumbani, akachukua begi lake. Tangu mavuno ya mahindi hawajasemezana hata salamu.

Mimi nasema wazi kwamba Mzee alikosea, na nilimwambia siku ileile tukiwa njiani. Alinijibu neno moja: "Endesha." Shida ya Wakurya ni hiyo. Neno likishasemwa mbele ya watu, hawalirudishi mfukoni kimyakimya kama njugu. Angependa kumpigia binti yake, hilo hata mtoto aliliona. Kila Jumapili asubuhi alikuwa anamuuliza mkewe kama nguo za Neema zilizobaki zimetafunwa na panya. Nguo zenyewe zilikuwa sketi mbili.

Jumamosi ninayoisimulia, mvua iliwahi kuliko jogoo. Nilipofika kumchukua Mzee, mkewe, Mama Kisyeri, alinivuta pembeni ya jiko. Mkononi alikuwa na chupa ya uji na viazi vilivyopikwa jana yake, maana Sabato nyumba ile haipiki.

"Masanja," akaninong'oneza, "Neema anaanza leo."

"Anaanza nini?"

"Golini! Kipa wao mkubwa ameumia goti. Leo ni mechi ya nusu fainali, wakishinda wanakaribia kupanda daraja. Redio ya Tarime itatangaza, saa kumi jioni. Usimwambie baba yake."

"Sawa, mama."

"Lakini mwambie."

Akarudi ndani. Wanawake wa huku wana namna yao ya kukutuma: ukiharibu ni wewe, ukifanikiwa hawakukutuma.

Mzee akapanda nyuma yangu. Koti la suti, gambuti miguuni, na juu ya kofia amevaa mfuko wa nailoni. Tulipotoka tu nyumbani nikaanza kwa mbali.

"Mzee, leo Musoma kuna..."

"Masanja, reo ni Sabato."

Nieleze hapa kwamba Kikurya hakina l, na Mzee hajaona sababu ya kuitafuta uzeeni. Mimi nami nimetoka kwenye lugha isiyo na r. Tukiwa wawili kwenye pikipiki tunapata alfabeti kamili.

"Najua ni Sabato, Mzee. Nilitaka kusema hali ya hewa tu."

Mvua ilikuwa inatupiga usoni.

"Hari ya hewa ni kazi ya Mungu," akasema. "Hiyo unaweza kuniambia."

"Basi wanasema Musoma lile wingu kubwa limeumia goti. Leo litasimama wingu jipya. Refu, lina mikono mipana."

Mkono wake ulikuwa begani kwangu. Ulinibana mpaka nikadhani tumekanyaga shimo. Mimi sikugeuka, ila mpaka tunafika kanisani watu wawili tulikuwa tunapumua kama tunaisukuma pikipiki.

Kanisa la kwanza lilikuwa la Genkuru kwenyewe, kwa ajili ya lesoni, darasa la Biblia la asubuhi. Kwa kawaida Mzee Nashoni akifundisha lesoni, uje na mto wa kulalia. Anauliza swali, anamwita mmoja mmoja kwa jina, anapinga majibu yote, halafu anarudia swali. Siku hiyo aliuliza maswali, akajijibu, akajipongeza, akafunga kwa sala fupi kuliko ya kuombea chai. Watu wakabaki na Biblia zao wazi wanatazamana. Shemasi mmoja akaniuliza nje kama Mzee anaumwa tumbo. Nikamwambia ni hali ya hewa.

Tukavuka daraja la Mto Mara kuingia upande wa Serengeti. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu. Baada ya hapo barabara ikawa jina tu. Tulizama kwenye tope mara kadhaa, na kila tukizama Mzee alikuwa anashuka kusukuma kwa nguvu ambazo wiki iliyopita alisema hana. Juu ya kilima kimoja kuna kundi dogo la waumini, jengo lao lina bati lakini kuta bado. Huko ndiko alikohubiri mahubiri ya mchana, mvua ikiingia kutoka pande zote nne. Walipomaliza, bibi mmoja mzee sana akamshika mkono.

"Yule binti yako mrefu yuko wapi siku hizi?"

"Yuko Musoma, mama," Mzee akajibu.

"Anafanya nini huko?"

Nikasogea karibu. Nilitaka kusikia mzee wa kanisa atakavyodanganya siku ya Sabato.

"Anashughurika na nyavu," akasema Mzee.

"Ahaa, samaki."

"Zinarindwa zisiguswe," akasema, akavaa mfuko wake wa nailoni haraka, tukaondoka. Njia nzima nilicheka kwa mabega. Aliyaona mabega yangu, akayapiga kofi.

Kisaka tulifika saa kumi ikikaribia. Kanisa la Kisaka ni zuri, tofali za kuchoma, madirisha ya kioo, na lina Mwalimu Evelina. Huyu ni mwalimu mstaafu kutoka Ukerewe aliyefundisha Kiswahili shule za huku maisha yake yote, na kustaafu hakukumpunguza. Anasahihisha matangazo. Anasahihisha nyimbo. Mwaka jana alimsahihisha mtu aliyekuwa amepiga magoti anatubu. Mambo ya l na r alishamwachia Mungu, alikiri kwamba kwa Wakurya ameshindwa, lakini ngeli hajamwachia mtu. Anakaa safu ya mbele, mwavuli mapajani kama fimbo.

Mzee akaingia. Mimi nikabaki nje na simu yangu, waya wa redio sikioni, kofia ya koti la mvua juu yake. Sasa, mawimbi ya redio Kisaka yana tabia yake: yanapatikana ukisimama karibu na choo. Nikasimama karibu na choo. Mvua juu, harufu pembeni, na katikati mtangazaji anapiga kelele kana kwamba yeye ndiye aliyelowa.

Tulikuwa tumekubaliana bila kukubaliana. Mhubiri huletewa maji ya kunywa mimbarani, na siku hiyo mleta maji ningekuwa mimi. Wasichana wa Musoma walipofunga, kabla ya mapumziko, nikakimbia na glasi. Mzee alikuwa anahubiri juu ya neema. Somo hilo alilichagua mwenyewe, mimi sikumwambia.

"Jua limewaka Musoma," nikamnong'oneza nikimpa glasi. "Moja. Kwa wenzao bado giza."

Akanywa maji yote, akafuta mdomo, akaendelea kuhubiri kwa sauti iliyopanda. Mwalimu Evelina alinitazama kwa chini ya miwani.

Nikarudi chooni kwangu. Kipindi cha pili kilikuwa mateso. Wale wapinzani walishambulia kama siafu. Mtangazaji alitaja jina la Neema Mwikwabe mara nyingi mpaka nikaanza kujibu "naam". Kanisani Mzee naye alikuwa hawezi kumaliza. Kila akifika mwisho wa mahubiri alichungulia dirishani, hanioni, anaanza tena. Watu walishaimba wimbo wa kufunga mara mbili na bado hapajafungwa.

Dakika za mwisho, penalti. Dhidi yetu.

Nitasema kweli: mimi niliyebatizwa kwa kuchoshwa, siku ile niliomba kwa moyo wote, nimeegemea ukuta wa choo. Sikumwombea Neema tu. Nilimwombea yule mzee aliyekuwa ndani anazunguka na maneno, maana nilijua wakifungwa Neema atalia peke yake kwenye mji wa watu, na baba yake atalala macho wazi, na hakuna kati yao atakayempigia mwenzake. Mpigaji akapiga. Mtangazaji akanyamaza. Halafu akalia kama amechomwa: ameokoa! Neema Mwikwabe ameokoa!

Nilikimbia. Niliingia kanisani natiririka maji, nikapita katikati, nikafika mimbarani, nikampa Mzee glasi. Aliinua kunywa. Ilikuwa tupu, haraka ilinisahaulisha maji.

"Neema kaokoa penalti," nikamwambia sikioni.

Mzee Nashoni aliiweka glasi juu ya Biblia. Akainua mikono yote miwili, akapaza sauti iliyotikisa madirisha:

"Neema ameokoa!"

"Amina!" kanisa zima likaitikia. "Hareruya!"

"Neema ameokoa!"

"Amina!"

Hakuna aliyeshtuka. Neema si inaokoa? Mahubiri yenyewe yalikuwa juu ya neema. Na huku kwetu mtu akisema "meza amevunjika" au "mvua amenyesha" tunaelewana na maisha yanaendelea. Mzee angeimba hivyo mpaka usiku, watu wangemsifu kwa mahubiri yenye moto, nasi tungerudi nyumbani salama na siri yetu.

Mwalimu Evelina akasimama.

"Samahani, Mzee wa kanisa. Neema haichukui a. Ni imeokoa. Neema imeokoa. Ngeli yake ni ya i na zi." Akawageukia waumini, mwavuli juu. "Tuseme wote."

"Neema imeokoa!" kanisa likasema, watoto kwa sauti kuliko wote.

"Sasa Mzee naye aseme."

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Nashoni anatokwa jasho kwenye baridi ile. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, umefunguliwa na mwalimu kwa heshima zote. Kilichotakiwa ni herufi moja. Angesema imeokoa, ingekuwa neema ya kwenye mahubiri, ya wote, na Neema wa Musoma angebaki kuwa mtu asiye na baba. Alinitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Hapana, Mwarimu," akasema. "Hapa ni a."

"Kwa kanuni gani?"

"Kwa sababu ni mtu." Akaiondoa glasi juu ya Biblia. "Ni Neema wa kwangu. Yure mrefu. Ni gorikipa. Ameokoa penarti sasa hivi huko Musoma, na mimi nirisema mbere ya kanisa kwamba si baba yake. Ni baba yake. Andikeni hivyo mioyoni. Ni baba yake."

Watu wa Kisaka hawakujua pa kuweka macho. Sabato, mimbarani, mzee wa kanisa, mpira! Mwalimu Evelina alibaki amesimama na kinywa wazi, akitafuta kosa.

"Basi kama ni mtu," akasema hatimaye, taratibu, "ni a. Ni sahihi kabisa." Akakaa, akavua miwani, akaanza kuifuta, ingawa miwani haikuwa na maji.

Ndipo kutoka nyuma kabisa ikasikika sauti ya shemasi Tomaso, mzee asiyewahi kuongea kanisani ila wakati wa kukusanya sadaka:

"Ngapi ngapi?"

Kanisa likapasuka. Walicheka mpaka akina mama wakashikana. Na wote wakanigeukia mimi, maana waya ulikuwa bado unaning'inia sikioni, siwezi kusema ni wa dawa.

"Moja bila," nikasema. "Ila haujaisha."

Nisiwasingizie watu, lakini wimbo wa kufunga wa mara ya tatu uliimbwa haraka mno, na walipotoka, zaidi ya nusu yao walikwenda kusimama upande wa choo. Walijifanya wanasubiri zamu. Filimbi ya mwisho ilipopigwa nikanyoosha kidole kimoja juu, wakaitikia amina kwa pumzi tu, kama watu wanaopoza chai.

Mzee hakuja chooni. Alisimama chini ya ukingo wa bati, simu ya vitufe mkononi, ametazama magharibi. Jambo la mimbarani lilishatoka, lakini simu ya mpira kabla jua halijazama alisema haipigi, hata kama mpigiwa ni mwanawe. Na jua lenyewe lilikuwa wapi? Mawingu mwanzo mwisho. Hakuna aliyeweza kusema kama limezama au ndiyo kwanza linakunywa chai.

"Siku za mawingu sisi tunaangalia kuku," akasema shemasi Tomaso. "Wakiingia bandani, Sabato imefungwa."

Kuku wa Tomaso, anayekaa jirani na kanisa, walikuwa wamejikunyata chini ya mkokoteni, hawana mpango wa kwenda popote. Nilisubiri. Nikasubiri tena. Mzee alikuwa anahamisha simu mkono wa kulia, mkono wa kushoto, anaifuta kwa koti. Mtu mzima akiwa hivyo anaumiza kumtazama. Nikazunguka nyuma ya mkokoteni, nikavua koti langu la mvua, nikalipunga. Kuku wakaruka na kelele zao, wakaingia bandani wote, na jogoo akiwa wa kwanza.

Nilipogeuka, Mzee alikuwa ananitazama. Aliniona tangu mwanzo, naapa. Akawatazama kuku, akanitazama mimi nilivyolowa.

"Kuku hawadanganyi," akasema, akabonyeza namba. Hakuitafuta, ilikuwa kichwani.

Simu yake ni ya zamani, inasikika hata kwa jirani, kwa hiyo sikuhitaji kuiba. Iliita sana.

"Halo?"

"Ni mimi."

Upande wa pili kelele za wasichana, nyimbo, halafu mlango ukafungwa, pakawa kimya.

"Shikamoo, tata," Neema akasema, tata ndiyo baba kwa Kikurya.

"Marahaba." Akakohoa. "Ire penarti. Uriruka upande gani?"

"Kushoto."

"Urijuaje?"

"Si wewe ulinifundisha? Nyuma ya zizi. Ulisema nisiangalie mpira, niangalie kiuno cha mpigaji."

Hilo sikulijua. Miaka yote ninayombeba mgongoni, sikujua kwamba yule kipa alimtengeneza yeye mwenyewe.

"Nirisema neno baya mbere ya watu," Mzee akasema. Alikuwa ameugeukia ukuta, lakini sauti haikuugeukia. "Reo nimerifuta mbere ya watu. Kisaka nzima wamesikia. Hata Mwarimu Evelina amekubari."

Nikasikia Neema anavuta kamasi kama mtoto. Mzee naye akavua kofia, akajifuta nayo uso, na mvua haikuwa inamfika pale alipokuwa.

"Tata," Neema akasema mwishowe, "fainali ni wiki ijayo. Lakini ni Jumamosi tena."

Tomaso, Mwalimu Evelina na wote waliokuwa wanajifanya wanafunga miavuli wakaacha kuifunga. Mzee akanitazama, akalitazama kanisa, akatazama matope ya kurudi nyumbani.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi, tata. Utakuja?"

"Sijakubari," akasema Mzee Nashoni. "Nimeuriza saa tu."